Watoto wetu wanajua "tall, taller, tallest", lakini "not less than" inawaumiza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe dukuduku langu kuhusu ukurasa wa elimu wa gazeti lako, hasa lile zoezi la Kiingereza la Darasa la Saba lililotoka hivi karibuni. Lilikuwa na jedwali la safu tatu: kushoto kivumishi chenyewe, katikati umbo la kulinganisha vitu viwili, kulia umbo la kile kinachoshinda vyote. "Tall, taller, tallest. Big, bigger, biggest. Good, better, best." Mwanafunzi alitakiwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Chini yake yakafuata maswali ya kuchagua, na majibu yakachapwa juu chini pembeni mwa ukurasa.

Majibu yote yalikuwa sahihi, na sina ugomvi na aliyeyaandaa. Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari, kwanza Muheza na baadaye hapa Morogoro, mpaka nilipostaafu. Kinachonisukuma kuandika ni yale ninayoyaona sasa. Siku hizi nashinda kwenye steshenari ya mdogo wangu karibu na stendi, nasaidia watu wanaoleta karatasi za Kiingereza: mikataba ya pango, matangazo ya kazi, fomu za mikopo, vitabu vya gerentii za pikipiki, karatasi zinazokaa ndani ya maboksi ya dawa. Wengi wao wamemaliza kidato cha nne. Ukiwauliza umbo la tatu la "bad", watakujibu "worst" bila kusita. Lakini wakikutana na "not less than", au "no later than", au "whichever is the earlier", wanakwama, na hizo ndizo sentensi zinazobeba fedha zao, muda wao, na mara nyingine afya zao.

Ninachosema ni kwamba ulinganishi wa Kiingereza haumo ndani ya kivumishi peke yake, umo ndani ya sentensi nzima. Shule zetu zinafundisha kivumishi, zinatahini kivumishi, kisha zinamwacha mtoto akakutane na sentensi yenyewe mbele ya mwenye nyumba au mwajiri.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, jedwali lina sababu yake, sikatai. Kivumishi chetu hakibadiliki tunapolinganisha. "Juma ni mrefu", "Juma ni mrefu kuliko Ali", "Juma ni mrefu kuliko wote": neno "mrefu" limekaa palepale, na kazi yote imefanywa na "kuliko". Ndiyo maana mtoto anapoingia kwenye Kiingereza anaandika "Juma is tall than Ali". Akisahihishwa, anaogopa kupunguza, basi anaweka kila alichonacho: "Juma is more taller than Ali". Mwalimu anapambana na makosa hayo mawili miaka nenda rudi, na jedwali ndilo analoona limsaidie.

Hapa naomba walimu wenzangu walikumbuke jambo moja kabla hawajamwaibisha mtoto wa "more taller" mbele ya wenzake. Zamani hilo halikuwa kosa. Shakespeare, katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, anamweka Antony mbele ya maiti ya Kaizari na kumfanya aseme "the most unkindest cut of all". Ni "most" na "-est" kwa pamoja, kwenye neno moja. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Matendo ya Mitume sura ya 26, inamnukuu Paulo akisema aliishi kwa kufuata "the most straitest sect" ya dini yao. Waingereza wa zama zile walirundika ulinganishi ili kuongeza uzito wa maneno. Ni wanasarufi wa karne ya 18, akiwamo Robert Lowth, kasisi wa Kianglikana aliyekuja kuwa Askofu wa London, waliosimama dhidi ya mrundikano huo. Lowth aliukataza katika sarufi yake ya mwaka 1762. Leo ni kosa, na mtoto asahihishwe. Lakini asichekwe, kwa maana alilofanya liliwahi kufanywa na mabingwa wa lugha hiyo.

Sasa niseme ningependa nini kifundishwe. Nilipokuwa darasani nilipenda kufundisha somo hili kwa kutumia mbio moja: fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Filbert Bayi wetu, kijana wa miaka 20, alishika uongozi tangu mwanzo na hakuna aliyempata. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. John Walker wa New Zealand alikuwa wa pili kwa 3:32.52. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu kwa 3:33.16. Rekodi ya dunia kabla ya siku ile ilikuwa 3:33.1, aliyoiweka Mmarekani Jim Ryun mwaka 1967.

Andika namba hizo nne ubaoni na uwaachie wanafunzi. "Bayi ran faster than Walker" kila mtu ataitoa. Waulize kuhusu Walker, wataona ajabu yake: siku ile Walker naye aliipita rekodi ya dunia, na bado hakushinda. "Walker ran faster than Ryun, but Bayi ran faster still." Hapo "still" inafanya kazi ambayo hakuna safu ya jedwali inayoigusa: kupanda juu ya aliyekwisha kupanda. "Jipcho ran almost as fast as Ryun", kwa sababu alimkaribia sana bila kumfikia. "Jipcho was not as fast as Walker", na hapo mwalimu aeleze kwamba Mwingereza katika mazungumzo ya kawaida atasema "not as fast as" mara nyingi zaidi kuliko "less fast than", ambayo kwenye jedwali inaonekana kama ndiyo sahihi zaidi. Kati ya Bayi na Walker pengo lilikuwa sekunde 0.36, basi "Bayi was slightly faster", au "a little faster". Pengo likiwa kubwa ni "much faster" au "far faster". "Very faster" haipo, ingawa kwenye madaftari yetu imejaa. Halafu malizia na hii: "No one had ever run as fast as Bayi." Hakuna "-er" wala "-est" ndani yake, lakini ndiyo sentensi inayomweka Bayi juu ya binadamu wote waliowahi kukimbia umbali ule. Mwanafunzi aliyekariri safu tatu hawezi kuitambua sentensi hiyo kuwa ni ya ulinganishi.

Somo hilo lilikuwa likinichukua kipindi kimoja. Kipindi cha pili nilikuwa nawapeleka kwenye milima na maziwa yetu. "Kilimanjaro is higher than any other mountain in Africa." Ukiondoa "other", mlima wenye mita 5,895 unakuwa mrefu kuliko nafsi yake, maana nao ni mlima wa Afrika. "Lake Victoria is much bigger than Lake Tanganyika, but nowhere near as deep." Kina cha Victoria hakifiki mita 100, cha Tanganyika ni mita 1,470 hivi. Na Tanganyika ni "the second deepest lake in the world", ikizidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Wanafunzi waliotoka Kigoma na waliotoka Mwanza walikuwa wakibishana kwa Kiingereza bila kulazimishwa, kila mmoja akitetea ziwa lake, na ubishi ndio mahali ambapo watu hulinganisha kwa dhati.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni lugha ya mipaka, maana huko ndiko watu wanakoumia.

Kijana mmoja alikodi fremu ya kuuzia vifaa vya simu. Mkataba wake ulisema akitaka kuondoka lazima atoe taarifa ya "not less than three months". Macho yake yaliiona "less than three months" na kuiruka "not". Akaamini kwamba taarifa yoyote iliyo chini ya miezi mitatu inatosha. Akatoa ya mwezi mmoja. Amana yake ilizuiwa, na kwa mujibu wa karatasi aliyoisaini, mwenye fremu alikuwa na haki. Kijana huyu alifaulu Kiingereza. Alinionyesha mwenyewe.

Tatizo si kwamba hajui "less". Shuleni alifundishwa kwamba "than" ni "kuliko", basi. Akijaribu kuisoma "not less than three months" kwa njia ya "kuliko", anapata kitu kama "si kidogo kuliko miezi mitatu", maneno ambayo hakuna Mswahili anayeyasema. Sisi mipaka hatuisemi kwa "kuliko", tunaisema kwa vitenzi: isiyopungua miezi mitatu, umri usiozidi miaka 35, mzigo usiopita kilo 20. Kila mtoto wa Kitanzania anayajua maneno hayo tangu kwenye matangazo ya redio. Mwalimu angesema tu kwamba "not less than" ndiyo "isiyopungua" na "not more than" ndiyo "isiyozidi", kijana yule angeuelewa mkataba wake siku ile ile alipoupokea. Daraja la kuvukia lipo ndani ya Kiswahili chetu, ila hatuvushi watoto hapo.

Matangazo ya kazi nayo yamejaa lugha hii. "Not above 45 years of age." "At least three years' experience." Hiyo "at least" ina "least" ndani yake, na jedwali linasema "least" ni kidogo kuliko vyote, kwa hiyo nimekutana na waombaji walioamini kwamba mwajiri anataka uzoefu mdogo kabisa. Maana yake ni angalau miaka mitatu, kuanzia mitatu kwenda juu. "No later than 30 June" inajumuisha tarehe 30 yenyewe. "Before 30 June" haiijumuishi, mwisho wake ni tarehe 29. "Children under 12" haimhusu mwenye miaka 12 kamili. Siku moja tu ya tofauti inatosha kulifanya ombi la kazi litupwe bila kufunguliwa.

Dereva wa bodaboda alikuja na kitabu cha gerentii ya pikipiki yake mpya. Kiliandikwa "12 months or 12,000 kilometres, whichever comes first". Pikipiki ilikuwa na miezi saba, injini imeanza kuvuja oili, na yeye alikuwa na uhakika kwamba bado ana miezi mitano ya kudai. Lakini mtu wa bodaboda anaweza kutembea zaidi ya kilomita 100 kwa siku, na kilomita zake 12,000 zilikuwa zimekwisha zamani. "Whichever comes first" inalinganisha vikomo viwili na kuchukua kile kinachotangulia. Ziko ndugu zake: "whichever is the earlier", "whichever is the later", "whichever is the greater", "whichever is the lesser". Katika mikataba ya mikopo, kati ya "greater" na "lesser" kunaweza kukaa riba ya mwaka mzima. Sijaona zoezi la shule, la zamani wala la sasa, lililomuuliza mtoto kati ya tarehe mbili au kiasi mbili kipi kinachukuliwa.

Kwenye dawa ndiko ninakoogopa zaidi. Mama mmoja alileta boksi la paracetamol ya miligramu 500, limeandikwa "Do not take more than 8 tablets in 24 hours". Aliniuliza kama ni lazima avimalize vyote vinane kwa siku ili apone. Aliiona namba, akaona "take", akaona "more". Vinane ni ukomo usiovukwa, si kipimo cha kufikiwa. Na paracetamol ikizidi huharibu ini, wakati mwingine bila mgonjwa kujisikia vibaya mwanzoni. Alikuwa na akili za kutosha kuja kuuliza. Ni wangapi hawaulizi?

Liko tawi jingine la ulinganishi ambalo halina hatari ya fedha lakini linavunja mioyo. Binti anayesomeshwa na wafadhili wa nje alileta barua yao huku macho yamevimba. Ilisema "We couldn't be happier with your progress". Yeye alisoma kwamba hawawezi kufurahi, kwa hiyo wamechoshwa naye. Nikamweleza kwamba Kiingereza cha kila siku kina tabia hiyo: kinachukua umbo la kulinganisha, kinalikanusha, na kinapata kilele. Hatuwezi kuwa na furaha zaidi ya hii tuliyo nayo, maana imefika mwisho wa kipimo. Vivyo hivyo "I couldn't agree more" ni kukubali moja kwa moja, na "it couldn't have come at a better time" ni kwamba jambo limekuja wakati muafaka kabisa. Binti alicheka, akalia tena, akaomba karatasi awajibu palepale.

Na kuna ulinganishi usio na "than". Vitabu vyetu vinamwambia mtoto kwamba umbo la pili daima linahitaji kitu cha kulinganishwa nacho. Ukisikiliza Waingereza wanavyosema, nusu ya wakati kitu hicho hakitajwi. Mgonjwa anasema "I'm better" akimaanisha nimepona au nina nafuu kuliko jana, na daktari inabidi aulize ni lipi kati ya hayo. Mwenye duka anaandika "lower prices" bila kusema chini kuliko za nani. "Higher education" si elimu iliyo juu kidogo, ni vyuo vikuu. La ajabu kuliko yote ni "an older man", ambaye kwa kawaida ni kijana zaidi ya "an old man". Umbo la kulinganisha limetumika kulainisha, kama sisi tunavyosema mtu mzima badala ya mzee. Jedwali linasema "older" ni zaidi ya "old", na kwenye kinywa cha Mwingereza inaweza kuwa pungufu yake. Haya si mambo ya wasomi wa chuo kikuu. Ni maneno ya hospitali, sokoni na kwenye barua.

Wakati huohuo, nguvu nyingi za walimu zinaishia kwenye mambo ambayo wenye lugha yao wanabishania. Chukua "less" na "fewer". Mtihani unamkata mtoto alama akiandika "less people", na mimi pia nilikuwa nakata, kwa sababu kanuni ya Kiingereza sanifu ni "fewer people". Lakini kanuni hiyo yenyewe ilianza kama maoni ya mtu mmoja, Robert Baker, mwaka 1770, aliyeandika kwamba yeye anaona "fewer" inapendeza zaidi. Maduka makubwa ya Uingereza yaliandika "10 items or less" kwa miaka mingi, watu wakalalamika, na mwaka 2008 Tesco wakaamua kubadilisha kuwa "Up to 10 items" ili ubishi uishe. Ifundishwe, lakini isichukue nafasi ya "not less than".

"Than I" na "than me" ni hivyohivyo. Watoto wanakariri kwamba "taller than me" ni kosa, kumbe ndivyo Waingereza wengi wanavyosema kila siku. Penye tatizo la kweli pengine hapaguswi: "Amina loves Zuhura more than me." Je, Amina anampenda Zuhura kuliko anavyonipenda mimi, au kuliko mimi ninavyompenda Zuhura? Kiswahili kina utata uleule ukiishia na "kuliko mimi", na tunautatua kwa kumalizia kitenzi: kuliko anavyonipenda, kuliko ninavyompenda. Kiingereza nacho kinamalizia kitenzi: "more than she loves me", "more than I do". Mtoto akijua hilo, anaweza kuandika barua isiyogombanisha watu.

Nawaomba pia wanaoandaa vitabu wapunguze zile orodha ndefu za "as white as snow", "as poor as a church mouse", "as busy as a bee". Nazipenda, ni mapambo ya lugha, lakini mtoto anakariri 30 kwa ajili ya mtihani na hatazitumia hata mbili. "As… as" inayomsubiri maishani ni nyingine. "As soon as possible" ipo kwenye kila barua ya ofisi. "As long as" inamdanganya, kwa sababu anaona "long" na kufikiria urefu: "You may stay as long as you pay the rent" maana yake ni mradi unalipa kodi, na siku ukiacha kulipa, ruhusa imekwisha. "As good as new" ni kitu kilichotumika kinachokaribia upya. Muuza friji za mtumba anayeandika hivyo hajasema kwamba friji ni mpya, na mnunuzi hana pa kumshitaki. "Twice as much" ni mara mbili, na "half as much again" ni kiasi kile kile ukiongezea nusu yake, si nusu. Anayechanganya dawa ya kunyunyizia mahindi akikosea hapo, anapoteza shamba.

Najua nitajibiwa kwamba madarasa yamejaa, vipindi ni vichache, na mtihani wa kuchagua herufi unapenda jedwali kwa sababu ni rahisi kusahihisha. Nimesimama mbele ya madarasa hayo, sisemi kwa mbali. Lakini swali la kuchagua linaweza kuuliza mpaka kama linavyouliza umbo. Mpe mtoto tangazo linalosema "not above 45 years of age", umpe waombaji wanne wenye miaka 44, 45, 46 na 50, umuulize ni wepi wanaruhusiwa. Mpe gerentii yenye miezi na kilomita, umpe tarehe ya kununua na namba iliyo kwenye dashibodi, umuulize kama bado anadai. Kusahihisha ni kulekule, herufi moja.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, na kwa mhariri wa ukurasa wa elimu, ni kwamba zoezi lijalo la ulinganishi lisianze na jedwali. Lianze na karatasi ambayo mzazi wa mtoto huyo anaweza kuwa nayo nyumbani: mkataba wa fremu, boksi la dawa, tangazo la kazi. Maswali ya kuanzia nimeshayaandika na mdogo wangu ameyachapa. Nimeyaambatanisha na barua hii pamoja na majibu yake, na zile namba za mbio za Christchurch nimeziweka kwenye ukurasa wa mwisho kwa ajili ya mwalimu atakayependa kuzitumia. Yachapisheni bila malipo, na mkiona swali gumu mno kwa Darasa la Saba lipelekeni kidato cha kwanza, ila lile la "not less than" naomba libaki darasa la saba, maana wengi wanaishia hapo na bado watapanga nyumba.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa Kiingereza,
Kihonda, Morogoro